Kongo-Kinshasa iko na sehemu ngapi mu liste ya urithi wa dunia ya UNESCO?

Hapana yaya, si Virunga peke yake. Ziko hifadhi tano: Virunga iliingia 1979, Garamba na Kahuzi-Biega 1980, Salonga 1984, kisha ile hifadhi ya okapi kule Ituri, 1996. Zote ni za asili, ya utamaduni hakuna hata moja, na wale wanauliza "na rumba je?" wanachanganya, rumba iko mu liste ingine, ya urithi usioshikika, iliingia 2021 pamoja na Kongo Brazzaville. Shida yetu watu wa Bukavu ni kuimba Virunga Virunga wakati Kahuzi-Biega iko hapa karibu tu, tena iliwekwa ju ya wale gorila wa mashariki wa nyanda za chini wenye hawapatikani inchi ingine yoyote. Usishangae pia ukikuta imeandikwa "hatarini", zote tano zilishawekwa mu liste ya hatari, mambo ya vita na ujangili, Salonga peke yake njo ilitoka kabisa, 2021. Garamba ilitokaga 1992 lakini 1996 wakairudisha, majangili walikuwa wanaua faru weupe.