Ana kinyaa, ni mwoga na anajisikia: kwa nini bado tunampenda Niles Crane

Mleta uzi kauliza kwa nini wanawake wanaoangalia vichekesho vya runinga vya Marekani na Uingereza huwatamani wahusika ambao, kama wangekuwa majirani, wangewafungia mlango. Kataja wawili: George Costanza wa Seinfeld, vichekesho vya marafiki wanne wa New York, na Niles Crane wa Frasier. Majibu mengi hapo juu yanasema ni huruma tu, na mengine yanasema wanawake hawajui wanachotaka. Yote mawili siyakubali. Frasier nimeiangalia miaka mingi na Niles namfahamu kuliko baadhi ya wajomba zangu, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu. Mwenye haraka apite tu, hatukasirikiani.

Kwa asiyeijua: Frasier ilirushwa na NBC, kituo cha runinga cha Marekani, kuanzia 1993 hadi 2004, misimu 11. Frasier ni daktari wa magonjwa ya akili mwenye kipindi cha redio huko Seattle. Anaishi na baba yake Martin, polisi mstaafu aliyepigwa risasi ya nyonga, na wamemwajiri Daphne Moon, Mwingereza wa Manchester, aishi nao amhudumie mzee na kumfanyisha mazoezi. Niles ni mdogo wake Frasier, naye daktari wa akili. Tangu siku ya kwanza anamwona Daphne, moyo umekwisha, na huku ana mke.

Tumhesabie makosa yake kabla ya kumtetea. Pale Café Nervosa, mgahawa wa kahawa wanapokutana, hakai mpaka afute kiti kwa leso. Kahawa anaiagiza kwa masharti kama mganga anayempa mteja dawa. Akiona damu anazimia. Mkewe Maris, tajiri ambaye hatuonyeshwi hata siku moja, anamwendesha atakavyo. Anawadharau wasiojua mvinyo na opera, akiwemo baba yake mzazi, na lile kochi la mzee lililobandikwa tepu linamuuma kama jipu. Na kuna jambo ambalo leo hata mimi linanikera: anainamia nywele za Daphne na kuzinusa mwenyewe akiwa hajui. Enzi zile ukumbi ulicheka. Kazini kwangu angeitwa ofisini.

Sasa kwa nini apendwe?

Nilianza kumfuatilia nikiwa Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, zamu za usiku. Channel 4 walikuwa wanarudia Frasier asubuhi. Ukitoka zamu usingizi hauji papo hapo, mwili umechoka lakini kichwa bado kiko wodini, kwa hiyo tulikuwa tunakaa sebuleni na chai, wanawake watupu, wote wafanyakazi wa aina ileile, tunaangalia. Mmoja alikuwa Mzimbabwe, mwingine Mkenya wa Kakamega. Frasier mwenyewe, pamoja na sauti yake ya kifalme, hakuna aliyemtaka. Ubishi wote ulikuwa juu ya Niles.

Nilichokiona pale sikukisoma popote. Kazi ya kutunza wazee ina sifa moja ambayo asiyeifanya haijui: hauonekani. Familia ya mzee inakuja, inakusalimia bila kukutazama, inauliza mzee kala nini, inaondoka. Ukibadilisha nywele hakuna anayejua. Ukiwa umelia chooni hakuna anayejua. Sasa kwenye runinga yuko Daphne, mgeni nchini kwa watu, mtunza wazee kama sisi, anasimulia hadithi za kaka zake na bibi yake na ndoto zake za kubashiri, na Frasier anakunja uso. Halafu anaingia mwanamume mmoja tu ambaye, Daphne akifungua mdomo, dunia yake nzima inasimama. Anajua amevaa nini. Anakumbuka alisema nini wiki iliyopita. Kikombe akikigusa Daphne, yeye amekiona.

Na macho hayo yanatoka kwenye wasiwasi uleule unaotuchekesha. Mtu anayeliona vumbi kwenye kiti ambalo wengine hawalioni ndiye huyohuyo anayeona kwamba leo hujalala vizuri. Wasiwasi sugu ni ugonjwa wa kuona mno. Ukielekea kwenye vikombe na viti unakera, ukielekea kwa mwanamke aliyezoea kupitwa kama ukuta, wakuu, hiyo si huruma. Inavutia kabisa, na naisema bila aibu.

Waandishi walilijua hilo. Tazama sehemu iitwayo "Moon Dance" ya msimu wa 3, mwaka 1996, ambayo Kelsey Grammer, yaani Frasier mwenyewe, aliiongoza. Niles ametengana na Maris, Daphne anamfundisha kucheza, mwishowe wanakwenda pamoja kwenye dansi ya watu wakubwa na wanacheza tango. Yule mwoga anayeogopa mlango wa choo cha umma anacheza mguu haujikwai, kisha anamwambia mbele ya watu kwamba anamhusudu. Daphne anajibu kwamba naye vilevile. Niles anapaa. Muziki ukiisha, Daphne anamsifia kwa uigizaji mzuri, maana alidhani wanawaigizia wale waliokuwa wanawatazama. Ule uso wa Niles sekunde ile, Mzimbabwe wetu alitupa mto kwenye runinga.

Jambo la pili ni nani anaumia. Hapa ndipo nadhani watu wanachanganya mafaili. Linganisha na Basil Fawlty, mwenye hoteli wa Fawlty Towers, ile ya BBC ya 1975 na 1979, sehemu 12 tu. Basil ana wasiwasi uleule, majivuno yaleyale, anaogopa mkewe, anaogopa wageni wa hoteli. Nimecheka naye mpaka machozi. Lakini sijawahi kumsikia mwanamke akisema anamtaka Basil. Kwa nini? Kwa sababu hofu yake inashuka: inamwangukia Manuel, mhudumu kutoka Barcelona asiyejua Kiingereza vizuri, anayepigwa vibao na kusukumwa huku na huko. Sisi sebuleni kwetu wote tulikuwa akina Manuel. Tulicheka, lakini tulijua kibao kinatua wapi.

Hofu ya Niles inamrudia mwenyewe. Ipo sehemu ya 1999, "Three Valentines", ambayo mwanzo wake karibu wote hauna maneno. Niles yuko nyumbani kwa Frasier anamsubiri mwanamke jioni ya Valentine, anaona mkunjo kwenye suruali, anaamua kuupiga pasi. Kutoka hapo anajikata kidole, anaona damu, anazimia, anaamka, anaiona tena, anazimia tena, na moto unashika kochi. Hakuna aliyeonewa isipokuwa yeye na kochi la kaka yake. David Hyde Pierce, mwigizaji wa Niles, anaicheza kwa viungo vya mwili tu bila maneno, kwa usahihi wa fundi saa, na huwezi kutenganisha mvuto wa Niles na ufundi huo. Cha ajabu, mhusika huyu hakuwemo kwenye mpango wa mwanzo. Aliyekuwa akitafuta waigizaji aliona picha ya Pierce, akasema anafanana na Grammer alipokuwa kijana, ndipo Frasier akapewa mdogo mtu.

George Costanza ni kesi ngumu zaidi, na hapa nakubaliana nusu na wanaopinga. Kuna sehemu ya Seinfeld ya Mei 1994 ambapo moto unazuka jikoni kwenye sherehe ya mtoto, na George anasukuma watoto na bibi mzee ili atoke yeye kwanza. Na Susan, mchumba wake, alipokufa kwa kulamba gundi ya bahasha za bei rahisi za mialiko ya harusi, George alionekana kama aliyefutiwa deni. Huyo mimi simtaki hata kwa mahari ya ng'ombe mia. Waandishi wenyewe walikuwa na sheria ya hakuna kukumbatiana na hakuna kujifunza, na mwaka 1998 wakamaliza kwa kuwapeleka wote wanne mahakamani na kuwafunga.

Lakini mwezi huohuo wa Mei 1994 kuna sehemu nyingine ambapo George anaamua kufanya kinyume cha kila anachojisikia kufanya. Anamfuata mwanamke mrembo mgahawani na kumwambia ukweli mtupu: hana kazi na anaishi kwa wazazi wake. Mwanamke anafurahi! Watu huchukulia ni kichekesho cha maajabu. Mimi naona ni kitu cha kweli kabisa. Umechoshwa na wanaume wa "nina mradi unakuja", anatokea mmoja anakuwekea hali yake mezani kama ilivyo. George ni mwongo kila siku, lakini ni mwongo ambaye sisi watazamaji tunauona uongo ukipikwa, tunajua anaogopa nini na anataka nini. Jason Alexander, anayemwigiza George, ameeleza kwamba siku moja alimlalamikia Larry David, mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa Seinfeld, kuwa tukio fulani haliwezi kumpata mtu, akajibiwa kwamba lilimpata yeye Larry na alifanya vilevile. Ndipo akajua anamwigiza nani.

Mwenzetu wa Kakamega alikuwa anasema sisi tunahangaika na Wazungu bure, kwao yuko Papa Shirandula wa Citizen TV, mlinzi wa getini anayemdanganya mkewe Wilbroda kwamba ana kazi ya ofisini. Ni ileile: mtazamaji anaijua aibu yake kabla mkewe hajaijua, na ukishajua aibu ya mtu kumchukia kunakuwa kazi.

Kwa wale wanaouliza "mbona huolewi naye basi?" nimewahi kuwa na mchumba wa aina hii. Pasi anaikagua mara tatu, mlango mara tatu, mikono anaosha mpaka ngozi inakwaruza. Hilo halikunisumbua, na kweli alikuwa anakumbuka kila nilichomwambia. Tuliachana siku alipoanza kuwafokea wahudumu wa hoteli kwa sababu ya kijiko chenye doa. Niles alikuwa amegeuka Basil mbele yangu, na maisha hayana ukumbi wa kucheka halafu sehemu inaisha baada ya dakika 22.

Nyongeza kwa mashabiki tu: mwisho wa msimu wa 7, mwaka 2000, Daphne anamkimbia bwana harusi na kuondoka na Niles, na kwangu mimi kuanzia hapo mvuto ulipungua. Mtu anayetamani huona kila kitu. Aliyepata anaanza kuzungumzia mapazia. Pierce bado ni mzuri, lakini macho yale ya kahawani hayakurudi kikamilifu.

Mleta uzi, kama unataka kuelewa wenzako wanaona nini, usianze mwanzo. Anza na "Moon Dance", kisha "Three Valentines", halafu ndiyo urudi msimu wa kwanza. George mwache mpaka mwisho, na usimwangalie ukiwa na mchumba wako pembeni, atakuuliza unacheka nini.