Gari Limeshuka Mombasa, Sasa Usimalizwe na Vikorokoro

Msomaji mmoja wa mtaa wa Utawala, Nairobi, aliniandikia wiki iliyopita. Toyota Sienta yake imefika bandarini, mkewe anatarajia mtoto wa pili, na tayari muuza duka amemtumia kwenye WhatsApp orodha ya vitu "vya lazima": rimu pana za kung'aa, redio ya Android ya inchi kumi, vifuniko vya viti vya ngozi bandia, taa nyeupe kali, spoila, spesa za kuinua gari, na kitambaa cha manyoya cha kutandaza juu ya dashibodi. Jumla inakaribia laki moja na nusu. "Dada, pesa haitoshi vyote. Nianze na nini?"

Ndugu yangu, hiyo orodha niliisoma nikisonga ugali, na mwiko ulikaribia kuniponyoka. Hakuna kiti cha mtoto. Hakuna gurudumu la akiba. Hakuna hata pembetatu ya kuonya magari mengine ukikwama. Karibu kila kilichoandikwa pale ni cha kumpendeza mtu aliyesimama nje ya gari, na nyinyi mtakuwa ndani.

Naongea kama mwenye Sienta. Niliinunua kwa pesa ya chama na akiba yangu, nikafuata makaratasi yake mwenyewe mpaka ikapata namba, na hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hilo kwa sababu kuna watu, hasa upande wa shemeji zangu, wanaoamini mpaka leo kwamba mwanamke hupewa gari.

Siku nilipoichukua nilikwenda moja kwa moja Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea za magari. Anayeijua barabara ile anajua kinachofuata: hujazima injini, vijana wamekuzunguka, mmoja kashika kioo cha pembeni, mwingine anagongagonga bampa kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, kijana wa chuo, hana leseni, alikuja kwa sababu nilimwahidi nyama choma. Muuzaji akamsalimia yeye. Akamwita bosi. Akamwonyesha rimu, akamwashia redio, akamweleza "gari lako litakavyotoka" huku mimi nimesimama kando na funguo mkononi. Nilipouliza kama wana gurudumu la akiba linaloingia Sienta, akanigeukia kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi: "Mama, hayo waachie wanaume. Wewe chagua rangi ya mati."

Niliondoka. Kijana aliona aibu kuliko mimi, hata nyama aliila kimya. Ni miaka sasa, na bado nikipita pale kwa miguu hutazama upande wa pili wa barabara. Yule mtu labda alishahama, sijauliza. Lakini hasira zile zilinifaa, kwa sababu jioni hiyo, badala ya kushangilia gari jipya (jipya kwa maana yetu sisi, wenyewe Japani walishalichoka), nilifungua buti na kuanza kulikagua kama afisa wa forodha.

Niliinua kifuniko cha sakafu ya buti nikitegemea gurudumu. Nilikuta sponji nyeusi iliyokatwa kwa vipimo, na ndani yake kijikompresa cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara pamoja na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Maandishi yote Kijapani isipokuwa tarehe, na tarehe yenyewe ilikuwa imepita. Magari mengi madogo ya Japani ya siku hizi huja hivyo, kupunguza uzito na gharama. Dawa ile huziba tundu la msumari kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga lami, basi. Tairi likichanika ubavuni ni sawa na hujabeba kitu. Na sisi huku tairi huchanikia wapi? Ubavuni, kwenye kingo za barabara na kwenye mashimo ambayo lami yake imekatika kwa ncha.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni gurudumu la akiba, na jeki, na spana ya nati inayoingia kweli kwenye nati zako. Hakikisha idadi ya matundu ya nati na kipimo vinalingana na magurudumu ya gari lako, ulijaribishe hapohapo dukani kabla hujalipa. Nafasi ikibana, chukua lile jembamba la dharura, ila ulisome ubavuni: kwa kawaida limeandikwa lisizidi kilomita 80 kwa saa. Mimi langu nililipata Industrial Area, kwa mzee mmoja wa spea ambaye hakuniuliza mume wangu yuko wapi.

Nalo lilijilipa. Tulikuwa tunashuka kuelekea Mai Mahiu, lori likatubana pembeni, tairi la mbele kushoto likapiga ukingo na kufunguka ubavu. Niliwatoa watoto upande ulio mbali na magari, nikawapeleka nyuma ya reli ya chuma pamoja na shangazi yao. Nikatembea nyuma na kuweka pembetatu ya kwanza mbali kidogo, ya pili karibu. Nikalegeza nati kabla ya kuinua gari, maana gurudumu likiwa hewani linazunguka nawe unabaki kucheza nalo. Sketi ilichafuka, mikono ikawa myeusi. Dereva mmoja wa lori aliegesha aje kusaidia akakuta nakaza nati ya mwisho. "Mama, kumbe wewe ni fundi." Sijui kama yeye anakumbuka. Mimi nakumbuka.

Shemeji yangu, ambaye aliwahi kuliita gari langu "gari la padre" kwa sababu ya vifuniko vya plastiki vya magurudumu, aliweka rimu kubwa na matairi membamba ya kuvutia. Sitaki kumsema vibaya. Nasema tu kwamba tairi la ubavu mfupi halina pa kunyweea pigo la shimo, pigo lote linakwenda kwenye rimu, na rimu yake moja ilikunjika njia ya Kitengela. Aliinyoosha. Ikakunjika tena. Siku hizi hasemi kitu kuhusu magurudumu yangu.

Sasa mtoto. Hapa ndugu wa Utawala nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Mtoto wako wa pili atapanda gari kwa mara ya kwanza siku ya kutoka hospitali, na siku hiyo kiti kinatakiwa kiwe kimeshafungwa. Kisiwe bado kwenye boksi. Sisi wa Nairobi tuna maneno mawili yanayoua watoto: "ni hapo tu". Ni hapo tu, ngoja nimpakate. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mjini, mtoto wa kilo 10 gari likigonga huvuta mikono ya mama kwa nguvu ya mamia ya kilo. Hakuna mapenzi ya mzazi yanayoshika uzito huo. Nimewaona watu waliolipia redio ya elfu thelathini wakiniambia kiti cha mtoto ni ghali.

Nenda kwenye gari, tia vidole kwenye mwanya kati ya mgongo wa kiti cha nyuma na makalio yake. Ukigusa vijichuma viwili vigumu, hizo ni ndoano za ISOFIX, na Sienta za karibuni unazipata. Kiti kinabana hapo bila kutegemea mkanda wa gari. Kichanga anatazama nyuma; kanuni ya Ulaya inayoitwa R129 inataka atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na ukiweza kumzidishia muda, mzidishie. Kamwe usimweke hivyo kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifyatuka utamsukuma mtoto kichwani.

Mtumba je? Mimi cha kifunguamimba wangu nilikinunua soko la mitumba la Toi, na sioni haya. Nilikigeuza juu chini palepale kwenye turubai, mchuuzi ananitazama kama nimerukwa na akili. Nilikuwa natafuta ile lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na tarehe iliyogandishwa kwenye plastiki. Kisha nikapitisha kidole kwenye mikanda yote kutafuta palipokatika au palipoungua jua, nikabinya ganda nikisikiliza kama lina ufa. Viwili vya mwanzo nilivirudisha. Kiti kisicho na lebo, au kilichofungwa upya kwa gundi, kiache hata ukipewa bure.

Na kabla hujanunua kifaa chochote cha usalama wa watoto, fungua mlango wa nyuma uangalie ukingoni kwake. Kuna kiswichi kidogo. Kikishushwa, mlango haufunguki kutoka ndani. Kiko kwenye gari tayari, hakina malipo, na kuna wazazi wamekaa na gari miaka bila kukijua.

Mati na vifuniko vya viti navipitia haraka. Mati ziwe za gari lako na zishikwe na ndoano za sakafuni, na usitandike moja juu ya nyingine upande wa dereva. Mwaka 2009 Toyota iliwataka wenye magari yapatayo milioni 3.8 huko Marekani waondoe mati za dereva, kwa sababu zingeweza kukwamisha pedali ya mafuta. Hiyo ni kampuni yenyewe na mati zake. Sembuse zile za kukatwa kwa makasi kando ya barabara. Vifuniko vya viti: tazama ubavu wa kiti cha mbele. Ukiona kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, mfuko wa hewa unatokea hapo, na ngozi bandia iliyoshonwa kuzunguka kiti chote itauziba. Watoto wakimwaga juisi, pangusa.

Redio nakuelewa. Redio ya Japani kwa asili huishia masafa ya 90 au 95, na huku Radio Citizen iko 106.7, kwa hiyo unakuwa na redio isiyoshika stesheni zako. Muuzaji atakwambia dawa ni redio mpya. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, bei yake ni ya chini sana, sauti si safi sana lakini habari za saa moja unazisikia. Ukitaka kioo kikubwa kwa ajili ya kamera ya nyuma, hapo sikupingi, kamera ya nyuma ni kitu cha maana kwenye nyumba yenye watoto wanaocheza uani. Ila fundi wa waya asimame mbele yako. Akitoa wembe na selotepu ili achune waya wa gari aunganishie hapo, mwambie asimame. Umeme atoe kwenye boksi la fyuzi, na kila kifaa kiwe na fyuzi yake. Kifaa kinachobaki kimewaka usiku kitakuletea betri iliyokufa asubuhi ya mtihani wa mtoto.

Fundi huyohuyo mwombe achomoe kile kijisanduku kinachokusalimia kila asubuhi kwa sauti ya mwanamke wa Kijapani. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, na barabara anazozisema ziko kwao. Watoto wangu walikataa nikichomoe. Wanamwigiza shuleni.

Spesa za kuinua gari sizipendi, najua nitatukanwa. Zinabadilisha pembe za magurudumu na mkao wa gari kwenye kona, na wengi huzifunga bila kwenda kupima alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, baadaye. Kama matuta ya mtaani kwenu yanakwaruza, funga bamba la chuma chini ya injini, punguza mwendo, na usipakie watu wanane na mchele. Taa nyeupe kali kwenye taa zisizotengenezwa kwa ajili yake hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele yako, na huyo ndiye mtakayegongana naye. Spoila ya Sienta sina maoni.

Kitu kimoja cha nje ninachokitetea ni kuchonga namba ya gari kwenye vioo vyote, hasa vya pembeni. Ni kazi ya dakika chache, na kioo chenye namba hakiuziki kirahisi. Anayeegesha mjini au kukaa kwenye foleni za jioni dirisha likiwa wazi haniulizi kwa nini.

Ukishamaliza kununua, piga picha za kila ulichofunga, weka risiti zote pamoja, umtumie wakala wako wa bima kabla gari halijaanza kutembea. Bima kubwa (comprehensive) nyingi huwa na kikomo cha redio na kikomo cha kioo cha mbele, na kifaa ambacho hukukitaja unaweza kuambiwa hakikuwepo. Muulize vikomo hivyo ni shilingi ngapi, na akujibu kwa maandishi.