Swali la lugha: "viashiria vya DNA" au "alama za vinasaba"?

Swali: Nahariri jarida la kilimo. Mwandishi mmoja kaandika "viashiria vya DNA hutofautisha aina za mazao"; mwingine, "alama za vinasaba hupambanua mbegu". Nimfuate nani?

Jibu: Mfuate wa pili, ila "mbegu" ifute, urudishe "aina".

Kiashiria huashiria jambo: wingu zito ni kiashiria cha mvua. Alama haina sharti hilo. Ipo tu, nawe unamtambua mwenye nayo, kama chapa kwenye paja la ng'ombe. Sehemu za vinasaba zinazotumiwa kutambulisha aina ya zao, nyingi hazisemi lolote kuhusu ladha wala mavuno. Ni pale ambapo herufi chache za DNA (A, C, G na T, yaani majina mafupi ya kemikali zinazoiunda) zimejirudia, tuseme CA kama katika CACACA, mara 12 katika aina moja na mara 17 katika nyingine; au herufi moja tu imebadilika. "Kiashiria" kiweke akiba, ukitumie alama inapokwenda sambamba na sifa fulani, mathalani ukinzani wa ngano dhidi ya ugonjwa wa kutu.

"Vinasaba" nalipenda kwa sababu ndani yake mna nasaba. Mwaka 1997 watafiti Carole Meredith na John Bowers walitumia alama hizi kuonyesha kwamba mzabibu wa Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Kama hiyo si nasaba, ni nini? Lakini wapo wanaoita jeni, yaani vipande vya DNA vinavyobeba sifa, vinasaba, kwa hiyo jarida lako liamue mapema na lisiyumbe. "DNA" nayo si kosa.

"Kutofautisha" kamusi zinalikubali. Kasoro yake ni kwamba laweza kusomeka "kufanya vitu viwe tofauti", na alama haifanyi hivyo. Tofauti ilikuwepo kabla ya mpimaji. "Kupambanua" halina utata huo.

Ama mbegu, mkulima husema "mbegu hii" akimaanisha aina, hata kwa muhogo unaopandwa kwa pingili. Ni Kiswahili safi shambani. Katika makala ya maabara, hata hivyo, msomaji atadhani zinapimwa punje, ilhali mara nyingi kinachopimwa ni kipande cha jani. Usikimbilie "spishi" pia: mahindi yote, ya njano na meupe, ya bisi na ya kusaga, ni spishi moja, Zea mays.