Kumsifia mwenyeji kwa Kihispania, Kiswahili kikusaidie

Swali la wiki: msafiri amsifie vipi mwenyeji kwa lugha yake bila kumkwaza? Najibu kwa Kihispania, maana humo sisi tuna mtaji ambao wengi wanauacha, wakaenda kupitia Kiingereza.

Kwetu "umependeza" na "wewe ni mzuri" ni mambo mawili. La kwanza ni la leo, la pili ni la umbile. Kihispania nacho kinayatenga: "estás guapa" ni umependeza, "eres guapa" ni wewe ni mrembo. Kwa mtu mliyefahamiana jana, shika "estás". Ila usiondoe guapa ukaweka buena! "Estás buena" ni kauli ya tamaa ya mwili. Wema wa mtu ni "eres buena". Neno hilohilo halina ubaya wowote kwenye bakuli: "la sopa está buena", supu ni tamu, na Amerika ya Kusini wanapenda zaidi "está rica". Mama aliyekupikia mwambie "cocina usted muy rico", unapika vitamu sana, kwa usted (wewe) ya heshima.

Tunasema shati linanipendeza, viatu vinanipendeza. Kitenzi kinafuata kitu. Ndivyo ilivyo: "me gusta tu camisa", "me gustan tus zapatos". Anayefikiri kwa "mimi napenda" huishia "me gusta tus zapatos", kosa. Na mtu usimwambie "me gustas", hapo umemtongoza. Ukimpenda kirafiki ni "me caes bien".

Neno la sifa nalo hupatana na kitu, si na mwenye kitu, kama ngeli zetu: camisa (shati) ya mwanamume bado ni bonita (nzuri), kwa -a ya kike. Ukihofia -o ya kiume na -a ya kike, "¡qué elegante!" (maridadi kweli!) haibadiliki. Inafaa pia Kuba na Puerto Rico, ambako "guapo" huweza kumaanisha mbabe.

Usiyemjua barabarani, uache mwili wake. Peru ina sheria dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia mitaani tangu 2015.

Kolombia ukisifia kitu ukajibiwa "a la orden" (niko tayari kukuhudumia), hujapewa. Ni adabu tu, shukuru.

Mtoto mchanga anataka uangalifu zaidi. Hofu ya kijicho iko huko kama ilivyo pwani yetu. Meksiko, aliyemsifia mtoto hutarajiwa amguse kidogo, mzazi akiridhia. Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, pale ambapo sisi tungesema mashaallah, wao husema "Dios lo bendiga" (Mungu ambariki), na kwa wa kike "Dios la bendiga".