Wagonjwa wanne, muuguzi mmoja: uanze na nani?

Mwanafunzi wa uuguzi kaniandikia wiki hii. Zamu imeanza na wagonjwa wanne wanamsubiri. Wa kwanza kafanyiwa upasuaji jana, analia kwa maumivu ya mshono. Wa pili dripu imemwishia. Wa tatu ana kisukari. Asubuhi aliongea vizuri, sasa anajibu ovyo na jasho linamtiririka. Wa nne ana nimonia, katulia, hasemi neno.

Nenda kwa huyo wa nne, na papo hapo umwombe mwenzako ampime wa tatu sukari. Anayelia ana njia ya hewa iliyo wazi na nguvu za kulia. Maumivu yake ni ya kweli na zamu yake itafika, lakini ukimya wa mwenye nimonia ndio wa kuogopwa.

Mshike kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, kisha tazama kifua chake kwa sekunde 60 kamili. Mtu akijua unamhesabu pumzi, hubadili anavyopumua. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikifika 25, ita daktari. Oksijeni ikipungua au asidi ikizidi kwenye damu, ubongo huongeza kasi ya kupumua, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijashuka. Ndiyo maana inauma kuona chati iliyoandikwa 18, 18, 18 tangu asubuhi. Namba hiyo haikuhesabiwa, imenakiliwa.

Usitulizwe na oksimita pekee, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia. Inaweza kusoma 95 huku mgonjwa akipumua mara 30, kwa kuwa anaitafuta hiyo 95 kwa jasho. Vidole vya baridi na rangi iliyopakwa kwenye kucha navyo huidanganya. Inua kichwa cha kitanda, mpe oksijeni kwa mwongozo wa wodi: wengi lengo ni 94 hadi 98, ila wenye ugonjwa sugu wa mapafu wanaobakiza hewa chafu (kabonidayoksaidi) mwilini ni 88 hadi 92.

Wa tatu, sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, mpe gramu 15 hadi 20 za sukari, kama vijiko vinne vya chai, ndani ya maji. Rudia kipimo baada ya dakika 15. Ikipanda apate chakula, la sivyo itashuka tena. Akishindwa kumeza, usimtie kitu mdomoni; anahitaji glukosi ya mshipani.

Wa pili, mwenye dripu, funga klempu (kibano cha mrija) ukipita.

Kwa yule wa mshono, kabla ya dawa ya maumivu pitisha mkono chini ya mgongo wake. Damu hufuata mteremko. Bandeji inaweza kuwa safi juu na shuka imelowa chini. Kijana hushikilia presha ya 110 kwa 70 huku akivuja damu. Mapigo ya 120, viganja vya baridi na mkojo chini ya mililita 30 kwa saa kwa mwenye kilo 60 vitakuambia mapema zaidi.

Ukimpigia daktari, usiseme “hayuko sawa.” Sema: “Nimonia, kitanda cha nne. Pumzi 28, oksijeni 91. Saa mbili zilizopita zilikuwa 20 na 96. Nimemwinua na kumwekea oksijeni. Naomba uje sasa.”