Kupiga rangi pikapu ya zamani nyumbani: rola ya sponji inatosha

Msomaji mmoja ametuandikia kuhusu Hilux yake ya kabini moja ya miaka ya tisini. Ni nyeupe, lakini ukiipitisha mkono inakuachia unga kiganjani. Kutu imeanza chini ya milango, na gereji imemtajia bei iliyomkatisha tamaa. Anauliza kama anaweza kuipiga rangi mwenyewe uani, bila kompresa. Anaweza. Tena kwa gari la kubebea mchanga na mikungu ya ndizi, tunamshauri asihangaike hata kuikodi hiyo kompresa.

Kompresa ndogo za lita 24 au 50 hazitoi hewa ya kutosha kulisha bunduki ya kupulizia. Ukifika katikati ya boneti shinikizo limeshashuka, rangi inatoka kwa matone makubwa na kukauka ikiwa na mabonge. Hewa iliyobanwa pia huacha maji ndani ya tangi, na pasipo chujio maji hayo huingia kwenye rangi. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya rangi uliyoilipia hupeperuka na kutua kwenye nguo alizoanika jirani. Rola ya sponji iliyoshikana vizuri, ya upana wa sentimita 10, haina shida hizo. Inataka subira tu. Kitu kimoja haikiwezi: rangi za metali. Vipande vya alumini vilivyomo hulala ovyo chini ya rola na gari likabaki na madoa.

Rangi ya kununua ni ya mafuta, ile inayoitwa sintetiki au enameli. Rangi ya 2K, ile ya kuchanganya sehemu mbili, ni ngumu na hudumu zaidi, hatubishi, lakini hadina yake, yaani kigumishi, ina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu na kuleta pumu, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Hiyo si kazi ya kufanyia uani penye watoto. NC, yaani rangi ya nitroselulosi, hukauka upesi mno kwa rola, na ukiipulizia pwani kwenye unyevu hufifia na kuwa na weupe wa ukungu. Enameli hukauka taratibu, ndiyo maana alama za rola hupata muda wa kujilaza zenyewe.

Baki na rangi ya awali ya gari ukiweza. Kadi ya gari imeandikwa rangi, na ukiibadilisha utalazimika kupeleka taarifa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Zaidi ya hapo, nyeupe huficha mibonyeo ambayo nyeusi au bluu iliyokolea ingeianika mchana kweupe. Kwenye kibati cha utambulisho cha Toyota, mahali palipoandikwa C/TR, utakuta namba ya rangi. 040 ni mojawapo ya nyeupe zinazojulikana sana, na duka lenye mashine ya kuchanganya litakutengenezea inayokaribiana nayo.

Kabla ya kununua chochote, jua rangi iliyopo juu ya bati ni ya aina gani. Chagua pembe moja ya chini kwa nje, ondoa unga kwa msasa na maji, acha pakauke. Kisha sugua kwa nusu dakika na kitambaa cheupe kilicholowa thina ya NC. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, hiyo ni NC. Ikivimba na kukunjamana, ni ya mafuta. Isiposhtuka, ni ya kiwandani au 2K, na hakuna msingi mzuri kuliko huo. Enameli hukaa salama juu ya zote tatu mradi ile ya chini haibanduki. Kinyume chake hakiwezekani: thina kali ya NC ikikuta rangi ya mafuta chini huifumua yote, na hapo utakwangua hadi bati.

Sasa kutu, na hapa ndipo pesa na siku zako nyingi zitakapokwenda. Watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka kulifungua kopo. Chukua bisibisi, gonga na kudunga sehemu za chini ya milango, matao ya matairi na maungio ya bodi ya nyuma. Bisibisi ikipenya, bati limekwisha; likatwe, lichomelewe jipya. Puti, ule uji mzito wa kujazia mibonyeo, haizibi tundu. Hunyonya maji kutoka upande wa ndani, na baada ya masika moja utaiona inavimba. Kutu ya juujuu ikwangue kwa brashi ya waya, halafu msasa namba 80 hadi bati ling'ae. Vitundu vidogo vyeusi vilivyobaki vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, uifuate kama kopo linavyoelekeza. Halafu chukua waya, zibua matundu ya kutolea maji chini ya kila mlango. Yakiziba kwa tope, mlango huoza kwa ndani huku wewe unang'arisha nje.

Vua taa, vitasa, vioo vya pembeni, grili na bampa. Kufunika kwa teipu ni kazi ya uvivu, maana rangi huanza kubanduka pale pale ilipoishia kwenye teipu. Osha gari lote kwa sabuni, kisha lifute kwa dawa ya kuondoa mafuta ukitumia vitambaa viwili: kimoja kibichi cha kulainisha, kingine kikavu cha kuokota kabla haijakauka. Wapo wanaofutia petroli au dizeli. Petroli ni moto unaosubiri jiko la jirani, na dizeli huacha utando wa mafuta. Dawa za kung'arisha dashibodi na matairi ni mbaya zaidi kwa sababu zina silikoni. Ikibaki kidogo tu, rangi huikimbia na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo koti la pili halivizibi.

Puti huchanganywa na hadina asilimia 2, yaani gramu 2 kwa gramu 100, hadi isionekane mistari ya rangi mbili. Kwenye joto la Dar es Salaam una dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Hadina ikizidi puti haiwi ngumu zaidi; ziada hupenya juu na kuacha madoa kwenye rangi nyeupe. Paka juu ya bati lililosuguliwa kwa namba 80, unene usizidi milimita 3, kisha punguza kwa 80, sawazisha kwa 180. Msasa wa maji usiguse puti tupu. Rangi ya zamani, kwa upande wake, isuguliwe kwa maji kila inapowezekana, maana baadhi ya rangi za zamani zina risasi na vumbi lake ni sumu.

Praima, yaani rangi ya msingi, iwe ya sintetiki, makoti mawili. Chukua ya kijivu. Nyekundu ni nzuri kwa bati, lakini chini ya rangi nyeupe inakudai koti la ziada kabla ule wekundu haujapotea. Ikikauka sawasawa, sugua kwa maji na namba 400 hadi mkono usikwame popote. Kasoro unayoisikia kwa kiganja sasa utaiona kwa macho baadaye, kwa sababu enameli inang'aa na mng'ao hausitiri kitu.

Kwa nje ya kabini na bodi, lita 4 za rangi na lita 2 za praima zinatosha kwa makoti membamba. Ongeza kilo moja ya puti, lita chache za tapentaini na rola za akiba, maana sponji huchoka. Anza kwa kuongeza tapentaini sehemu moja kwa sehemu kumi za rangi, jaribu kwenye bati bovu, ndipo uamue. Mapovu madogo yakipasuka yenyewe ndani ya dakika moja, iko sawa. Yakibaki, ongeza kidogo. Ikitiririka kwenye bati lililosimama wima, umezidisha. Paka paa kwanza, fuata boneti, halafu ubavu mmoja baada ya mwingine. Usikatishe kazi katikati ya mlango. Malizia kwa kupitisha rola bila kuikandamiza, na ukiuacha mlango usiurudie. Koti la kwanza litaonekana baya, lina mabaka na bati linachungulia. Ndivyo linavyopaswa kuwa. Anayetaka kulifunika papo hapo ndiye anayeishia na machozi ya rangi. Makoti matatu hadi manne, kila moja lisubiri siku nzima, na baada ya la pili sugua kidogo kwa namba 600 na maji.

Fanya kazi asubuhi, umande ukishakauka na bati bado linashikika. Kiganja kisipovumilia joto, subiri kesho. Jioni pia haifai, umande hutua kwenye rangi mbichi na kuua mng'ao. Pwani epuka Machi hadi Mei. Nyunyiza maji ardhini kutuliza vumbi. Teipu iliyobaki ivue siku hiyo hiyo. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta vitandaze nje au vitie kwenye ndoo ya maji. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Kampaundi ya kung'arishia na nta visubiri wiki nne. Hadi hapo osha kwa maji matupu, na kamba za turubai zisipite juu ya kingo za bodi: enameli hukauka juu siku ya kwanza, lakini chini bado ni laini, na kamba inayosugua itaichuna hadi kwenye praima.