Ndugu wapya wa Halmashauri Walei, risiti kwanza

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi nilialikwa kwenye kikao cha kwanza cha halmashauri mpya ya walei, yaani waumini tusio mapadre, wa parokia yetu, nikabidhi mhuri na mafaili, kisha nikae pembeni kama mstaafu. Nilinuia kunyamaza. Hata yatokanayo hatujamaliza, katibu mpya, kijana msafi mwenye kompyuta yake mezani, akapendekeza majina ya kaya ambazo hazijamaliza mchango wa ujenzi yasomwe kwenye matangazo. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Chai ikanipalia. Naandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitafoka.

1. Someni Kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa. Halmashauri ina kura ya ushauri tu. Kuna mwaka mwenyekiti wetu alimwambia paroko, "Padre, hili tumeshalipitisha." Padre akafunga daftari, akasema tusali. Soda zilikuwa bado zinafunguliwa.

2. Pangeni michango kwa kalenda ya shamba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na Februari uwele uko shambani bado wakati vihenge vigangoni, kwenye makanisa yetu madogo ya vijijini, vimebaki vumbi. Nyie mliohamia na ofisi za Serikali mnapokea kila mwisho wa mwezi, hongereni. Mama wa kigangoni mshahara wake unakauka juani, Juni. Subirini mavuno, nendeni na magunia, kamba na mzani. Mbuzi pia apokelewe, ila asifungwe karibu na sakristia. Wa kwetu alikula maua ya altare yote, Jumamosi ya Kipaimara, na WAWATA, akina mama wetu Wakatoliki, hawajanisamehe.

3. Hela ikishikwa, risiti ikatwe hapo hapo. Hapa niacheni niseme taratibu.

Nilikuwa katibu mwaka wa pili, najiona. Tulikuwa tunatafuta bati za kigango, kila kaya elfu kumi, na wengi walikuwa nyuma. Nikaandaa orodha. Paroko alikuwa safarini, padre mgeni hakujua kitu. Baada ya komunyo nikasimama kwenye mimbari, siyo pembeni tunaposomea matangazo, mimbari yenyewe, nikasoma majina kumi na saba. Nilisoma kwa sauti nzuri. La kumi na moja lilikuwa la bibi mmoja mjane, benchi la tatu upande wa akina mama. Hakuinua uso. Alishika pindo la kanga yake, akalifungua, akalifunga tena.

Nje akanisubiri kwenye kivuli cha mwarobaini.

"Mbukwa, Katibu."

"Mbukwa, bibi."

"Mwanangu, ile elfu kumi ya pale mnadani, uliiandika?"

Nikakumbuka yote kwa mpigo. Wiki tatu nyuma, mnadani, vumbi, mimi juu ya bodaboda, yeye ametoka kuuza kuku. Alifungua pindo lile lile, akanihesabia noti za elfu mbili mbili, tano. Nikamwambia risiti nitamletea. Nikazitia mfukoni, na jioni nikamlipa mwenye bodaboda kwa hela hizo hizo, nikijua kesho nitarudishia. Kesho yake ikafuatiwa na kesho nyingine. Sikukusudia kuiba. Mhazini alinisikiliza, akauliza tofauti iko wapi. Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Paroko aliporudi hakunigombeza. Aliuliza, "Ulisomea wapi?" Nikasema mimbarini. "Basi rudi hapo hapo." Jumapili iliyofuata nikapanda, magoti yakicheza, nikasema hela ya bibi nilipokea mimi na nikaitumia mimi. Kanisa zima kimya, mtoto mmoja tu akikohoa. Bibi alinipa mkono wakati wa amani, mkono mkavu kama ganda la karanga. Ila tangu siku ile hanipi hata sadaka ya mayai bila kuuliza risiti iko wapi. Nami hukata: mayai manne, sahihi, tarehe.

Na wale kumi na sita waliobaki? Wawili walihamia kwa majirani zetu Waanglikana. Mmoja alikuwa amelazwa, jumuiya yake nzima inajua, mimi tu ndiye sikuuliza. Kijana wangu, ukitaka kusoma majina, soma ya waliotoa. Ukitaka kujua kwa nini fulani hajatoa, panda pikipiki uende.

4. Muhtasari uandikwe usiku ule ule.

5. Mengineyo isizidi nusu saa. Huko ndiko kwaya mbili hugombania kinanda, na mzee mmoja huanza historia ya parokia tangu enzi za wamisionari. Ana hoja, lakini giza linaingia na baiskeli yake haina taa.

6. Msipange tarehe ya kwenda kigangoni bila katekista, mwalimu wetu wa dini. Anajua nani mgonjwa, nani kafiwa, na korongo gani limejaa maji.

Kitabu cha risiti kiko kabatini, rafu ya juu, na karatasi mbili mpya za kaboni. Ufunguo anao katekista. Msimtafute asubuhi, yuko shambani.